Mama Mdogo Aliyeolewa Sinemani

Umeme ukikatika na jirani akawasha jenereta, harufu ya dizeli hunirudisha Ujiji, kwenye uwanja unaonukia muhogo uliokaangwa kwa mawese, tukilisubiri gari la sinema. Enzi zile za vijiji vya Ujamaa lilikuja kwa nadra, na safari moja lilimleta mama yangu mdogo, Zena, kwenye pazia.

Filamu ilikuwa imepigwa Kidahwe, kijiji cha jirani, na baadhi ya watu wetu waliigiza humo. Zena alikuwa bibi harusi wa mkulima wa kijiji kipya. Alipoinua macho chini ya ushungi, uwanja mzima ulimkodolea macho. Nilijaa fahari hata nikasahau muhogo wangu mkononi. Mara shehe wa kwenye filamu akafungisha ndoa, na mama yake Bakari, mchumba wa kweli wa Zena, akainuka.

"Huyu kaolewa," alisema. "Tumeshuhudia sote."

Asubuhi ndugu zake Bakari wakaja naye kudai warudishiwe mahari yao. Msemaji alikuwa Mzee Ramadhani, mjomba wake Bakari. Bibi akamwambia jamani, ule ulikuwa mchezo tu.

"Ndoa haina mchezo, dada yangu," akajibu, akisogeza kikombe aongezewe chai. "Aliyeozwa kaozwa."

"Na wewe Bakari, unasemaje?" Zena aliuliza.

Bakari aliinuka akavaa viatu vyake. Walipoondoka Bibi alisema, "Akufukuzaye hakwambii toka." Sikumwelewa, maana mimi niliona wametuambia waziwazi.

Zena akapanda treni kwenda Dar es Salaam. Alicheza filamu nyingi, magazeti yakamsifu, akatuzwa hadi ng'ambo. Kwenye sinema aliolewa mara nyingi. Nje ya sinema hakuolewa kamwe. Alipofariki, ukoo wa Bakari ulikaa mbele msibani, ukimwita "binti yetu". Niliwapa shikamoo zao, na moyo ukiniwaka.

Ndugu zangu, miaka yote hiyo nilikuwa nikiwatetea: watu wa zamani, sinema wangeijulia wapi? Kumbe nilisahau jambo moja, nikalikumbuka pale pale msibani. Katika filamu ile ile Mzee Ramadhani aliumwa na nyoka, akafa, akazikwa. Usiku ule alikuwa amekaa karibu nasi, akilicheka kaburi lake, na hakuna aliyemsomea hitima. Walijua vizuri kabisa. Hawakutaka tu mkwe anayetazamwa na uwanja mzima.

Na marehemu yule ndiye aliyekuja asubuhi kuvunja uchumba, akanywa chai yetu, akaomba na sukari.