Maombi ya Kwenye Beseni

Bitutu, Mama Levi kwa waumini wenzake, ni Mkisii aliyehamia Rongo, mjane, muuza nyanya sokoni, na Msabato wa kufa na kupona. Kwa miaka mingi yeye ndiye shemasi aliyeoka mkate usiotiwa chachu wa Meza ya Bwana. Siku ya kuoka, hata wajukuu walijua jikoni hakusogelewi. Cheo kingine hakuwa nacho wala hakukitaka.

Rafiki yake alikuwa Dolphine, muuza dagaa wa omena wa meza ya pili, mzaliwa wa Sindo. Ndiyo maana Bitutu alimwita Nyar Sindo, binti wa Sindo kwa Kijaluo. Kila robo mwaka, kabla ya Meza, wanawake wa kanisa lao huoshana miguu wawili wawili, kisha kila mmoja humnong'oneza mwenzake jambo la kuombewa. Hawa wawili hawakuwahi kubadilisha mwenzi.

Sasa sikia kosa la mama wa watu. Mwaka jana, akiwa amepiga magoti mbele ya beseni, alimweleza Dolphine jambo lililomkosesha usingizi. Sabato moja mnunuzi alimbishia hodi, nyanya zimeanza kuoza, naye akamuuzia kupitia mlango wa nyuma. Akalia. Dolphine akalia pia, wakaomba wakiwa wamekumbatiana. Bitutu alirudi nyumbani akiwa na moyo mweupe.

Jumatano iliyofuata, kwenye maombi ya jioni, Dolphine alisimama mbele ya kanisa zima.

"Wapendwa, tumkumbuke Mama Levi. Shetani amemwingia, anauza nyanya siku ya Sabato. Nasema kwa upendo tu."

Upendo gani huo! Baraza la kanisa likaketi, mzee wa kanisa Nyamweya akasoma amri ya nne kana kwamba Bitutu hajawahi kuisikia, na Bitutu akavuliwa ushemasi. Hilo alilivumilia. Lakini aliposikia kwamba mkate sasa utaokwa na Dolphine, alikalia kreti ya nyanya akashindwa kuinuka. Alimkasirikia hata Mungu, aliyekuwepo pale kwenye beseni akisikia yote na asimzibe mtu mdomo.

Robo mpya ikafika. Dolphine akamjia na beseni, taulo begani.

"Mama Levi, tusiende Mezani na kinyongo. Lete miguu."

Wanawake wote waligeuka kutazama. Bitutu alitamani kulipiga beseni teke. Kwamba Yesu alimwosha Yuda miguu, hilo alifundishwa tangu utotoni. Kwamba Yuda naye alishika beseni akamwosha Yesu, hilo hakuwahi kulisoma popote. Hata hivyo alivua viatu, kwa sababu Meza ni ya Bwana, si ya Dolphine.

Dolphine aliosha, akakausha, kisha akasogeza sikio kama zamani.

"Haya, niambie. Nikuombee nini?"

Bitutu alivaa viatu vyake polepole.

"Asante kwa maji, Dada Dolphine," alisema. "Yangu nitamwambia Mungu mwenyewe."

Hakusema Nyar Sindo, na hajasema tena mpaka leo.