Joho la Bandi

Siku ya kwanza nilipoingia kazini nilikuwa na futi ya kupimia shingoni, na cherehani yangu imebebwa na mchukuzi, maana kikundi kile cha maigizo hakikuwa hata na sindano. Nilitoka kibarazani Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nilikokuwa nikishona suruali. Mkuu wa Mavazi, mama mmoja mkali, akanitazama juu mpaka chini.

"Ndugu, hapa hatushoni ili nguo idumu," akasema. "Tunashona ili ionekane."

Vitambaa miaka ile vilikuwa vya kutafuta kwa tochi. Niligeuza mapazia ya ofisini kuwa kanzu za mawaziri wa jukwaani, na hakuna aliyejua. Nyinyi wa siku hizi mngelia!

Kisha ukaja mchezo wa kale wa mfalme anayeng'olewa kitini. Mkurugenzi alitaka askari amvue joho kwa mvuto mmoja, abaki na shati la marekani, kile kitambaa cha kimaskini.

"Likigoma, watu watacheka," akaniambia. "Wakimcheka mfalme hapo, mchezo umekufa, na wewe rudi kibarazani kwako."

Nikalishona joho lote kwa bandi, yaani ule mshono wa muda tunaopiga kwa mkono kabla ya mashine, ukivutwa unafumuka wote.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Askari akavuta. Joho likaachia lote, pwaa, chini! Elia, Mchaga mrefu aliyecheza mfalme, akabaki anatetemeka. Halafu mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Nikajua kibaraza kinaniita!

Mara mama mmoja muuza vitumbua akainuka, akapanda jukwaani kama watu wanavyopanda kumtunza mwimbaji. Akavua kanga yake ya juu, akamfunika Elia mabegani.

"Pole, baba," akasema. "Wamekuvua mbele za watu!"

Aliyecheka akanyamaza. Elia akaishika ile kanga, akaendelea na maneno yake huku machozi yanamtoka, na ukumbi ukalia naye. Mkurugenzi alinikumbatia mpaka futi ikaanguka.

Sasa nimestaafu, nipo Magomeni, na tundu la sindano silioni tena. Nimewashonea wakubwa suti nyingi za kudumu, lakini ninayojivunia ni nguo iliyoachia mbele za watu. Vijana wakinicheka, nawasimulia ya kesho yake, nilipompelekea yule mama kanga yake sokoni, nimeifua na kuikunja.

"Kwani leo hamumvui tena?" akaniuliza.

"Tunamvua, mama."

"Basi mwachie hiyo kanga."