Mguu Wangu wa Breki

Siku ile tulikuwa wanne nyumbani kwetu Gorong'a: mimi Marwa, mdogo wangu Ghati, kitinda mimba wetu Mwita, na Fundi Bakari aliyetoka Mugumu kuja kutengeneza breki za mbele za pikapu ya marehemu baba. Nawataja kwanza kwa sababu bila hao watatu nisingekuwa na mguu wa kulia wa kuusimulia.

Mimi ndiye mkubwa. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikashika jembe, baadaye usukani. Dhahabu ilipoonekana na watu wakamiminika kuchimba, nilipata kazi ya kubeba mawe kutoka mashimoni hadi kwenye karasha, ile mashine ya kuyasaga. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Ghati kidato cha tatu. Kila Jumamosi alifua sketi yake ya shule, akinikemea nisiikaribie kwa mikono yangu ya grisi.

Lakini pikapu ilikuwa imezeeka. Breki za mbele zilianza kulia, kisha zikasaga, chuma kwa chuma. Mwishowe nilikuwa nakanyaga pedali mara tatu ndipo gari lisimame.

Fundi Bakari alipofungua tairi la kulia alicheka. "Mura," akaniita, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "hizi pedi zimebaki karatasi. Ulikuwa unasimamisha gari kwa dua?"

"Kwa dua za Ghati, fundi."

Upande wa kulia tuliumaliza vizuri, gari likiwa limekaa juu ya gogo. Adhuhuri ikafika. Bakari akanawa aende kusali. "Nisubiri," akasema. "Gogo ni zito, tutalihamisha sote."

Sikusubiri. Kulikuwa na mzigo mashimoni na nilikuwa na haraka. Niliinua upande wa kushoto kwa jeki, nikatoa tairi, kisha nikachukua jiwe kubwa kwenye rundo la karibu na jiko. Yalikuwa mawe yetu ya dhahabu. Siku mbili kabla tulikuwa tumeyachoma kwa kuni ili yalainike, yapondeke kwa nyundo. Moto ule niliuwasha mimi mwenyewe.

Ghati alikuwa mlangoni. "Kaka, hilo si la kuponda?"

"Hili? Hili linabeba tani."

Nikashusha gari juu yake, nikatoa jeki, nikakaa chini nimenyoosha miguu, nikaanza kugonga bolti iliyoshika kutu. Jiwe likapasuka kama kiazi kilichoiva kupita kiasi. Diski ya breki ikanishukia juu ya mguu wa kulia.

Kwanza sikusikia maumivu, nilisikia joto. Kisha nikaona mfupa mweupe ukichungulia juu ya vidole. Mwita alikimbia akipiga kelele. Bakari alikuja peku, uso bado una maji, akawaita wachimbaji waliokuwa wakipita, wakalinyanyua gari kwa mikono. Gari la jirani likanipeleka hospitali.

Siku ya nne vidole viwili vilikuwa vyeusi. Daktari alivigusa kwa sindano, sikuhisi kitu. "Hivi vimekufa," akasema. "Navikata leo. Mguu wenyewe siwezi kukuahidi."

"Daktari, huo ndio wa breki. Ukienda, wadogo zangu watakula nini?"

"Basi tuupiganie."

Ghati alikuja na begi lake la shule. Ndani mlikuwa na nguo, hamkuwa na daftari hata moja.

"Na shule?"

"Shule haitembei. Na wewe hutembei. Nimeanza na wewe."

Kidonda kilitoa usaha, kilinuka hadi mimi mwenyewe nikageuza uso. Yeye hakugeuza. Aliniosha, akaninywesha uji, akamwaga kopo langu la haja. Hata tuliporudi nyumbani, alikisafisha kila asubuhi. Siku moja nilikataa, nikalia kama mtoto.

"Lia, lakini usivute mguu," akasema. "Mimi uliponitoa funza nilikupiga mateke, ukaendelea."

Nikauacha mguu. Taratibu nyama mpya, ya waridi, ikajaza shimo. Nikatembea kwa fimbo, kisha bila fimbo.

Ndipo Bakari akarudi kumalizia upande wa kushoto. "Shikamoo, fundi," nikasema. Aliitikia, akaviringisha gogo mwenyewe, hakunisuta. Pedi mpya zilipoingia, ilibaki kutoa hewa kwenye breki: mmoja akanyage pedali, mwingine alegeze skrubu ndogo gurudumuni. Bakari akampa Ghati spana. "Mura, panda wewe."

"Kanyaga!" Ghati akaita kutoka chini. "Shikilia! Achia!"

Nikauweka mguu wa vidole vitatu juu ya pedali. Nikakanyaga tena na tena, mpaka pedali ikawa ngumu.

"Imeshika!" nikapaza sauti. Ghati akacheka, mafuta ya breki yakimchuruzika hadi kiwiko.

Wewe uliyelala na kidonda, mwache anayekupenda akuoshe. Kuona haya hakuponyi. Nawe unayetengeneza gari, usiliweke juu ya jiwe lililopita motoni, na ukiambiwa subiri, subiri.

Namshukuru Mungu na wote walioninyanyua. Leo pikapu inasimama palepale ninapotaka, mbele ya lango la shule. Ghati anashuka na sketi yake. Wale aliokuwa amewatangulia sasa ndio wenzake darasani, wanamwita bibi, naye anacheka. Mwaka wake mmoja wa shule, aliouacha kwa ajili yangu, bado ninadaiwa, na sijajua unarudishwaje.