Ndoo ya Bahati za Majirani

Katika jengo letu hapa mjini Tuzla, hakuna mwanamke aliyeamua jambo kabla Hasnija hajamtazamia kikombe. Mjane huyu huchemsha kahawa kwenye birika la shaba, majirani hunywa, hupindua vikombe kwenye visahani, naye husoma mashapo yaliyoganda ukingoni. Hatozi kitu. Anachopata ni sababu ya kuvaa gauni zuri asubuhi.

Mpwa wake Mirsad anafanya kazi maabara. Huko wana mtungi mnene wa chuma. Wanashindilia mashapo ya kahawa ndani, wanasukuma maji na spiriti kwa mgandamizo mkali, moto kupita kiasi lakini bila kuchemka, na upande wa pili hutoka dawa ya kahawia ya kutia kwenye mafuta ya uso. Mtungi huo hula kuliko wageni wa arusi.

"Shangazi, mashapo yenu mnayamwaga tu?" Mirsad aliuliza.

Basi Hasnija akaweka ndoo jikoni, na kila kilichosomwa kikamwagwa humo. Hapo ndipo alipokosea. Kwetu, kikombe chenye heri huoshwa na mwenyewe, ili heri isipotee.

Zumreta wa ghorofa ya pili alikuwa ameonyeshwa kikombeni njia, na juu yake kijana mwenye begi: mwanawe angekuja kutoka Austria kwa Bajram, Idi yetu. Wiki iliyofuata mwana akapiga simu. Haji tena.

"Umemchemsha mwanangu na spiriti!" Zumreta alilia ngazini.

"Na bahati zetu umezichanganya!" akadakia jirani mwingine. "Mume wangu ameanza kukoroma kama wako, Zumreta!"

Kesho yake mezani kulikuwa na birika, vikombe vitano, na Hasnija. Kesho kutwa vilevile. Alikunywa kahawa yote peke yake, moyo ukamwenda mbio, akavaa koti, akagonga milango.

"Twendeni maabara. Kama bahati zenu ziko huko, nitazisoma upya. Nisipoziona, msije kwangu tena."

Mirsad akafungua mtungi, akagonga, likatoka donge la duara, kavu, limepauka kama biskuti ya jana. Hasnija akavaa miwani. Akaligeuza. Akalinusa. Tukabana pumzi, na Mirsad naye, ingawa ana digrii.

"Hamna kitu," Hasnija alisema, akavua miwani. "Tupu."

"Tupu kabisa?" aliuliza Devleta wa ghorofa ya nne.

"Kama kichwa cha mpwa wangu."

Devleta akapiga makofi. "Jamani! Mimi si nilionyeshwa mama mkwe anakuja kukaa mwaka mzima? Amepiga simu asubuhi, goti limemkatalia. Mirsad, mwanangu, mtungi huu unasafisha mikosi!"

Zogo likazuka. Mmoja akauliza kama deni linaingia. Mwingine akapima mdomo wa mtungi kwa macho, akasema mumewe angeingia akikunjwa vizuri.

Tangu hapo meza imejaa tena. Kikombe cha heri unakwenda nacho nyumbani kukiosha. Cha mkosi kinakwenda kwenye ndoo. Mirsad akilalamika kwamba mashapo hayatoshi, wiki hiyo Hasnija huona mafuriko, wakwe na nondo wa kula nguo kabatini. Sote tunajua, na sote tunamwaga.

Kikombe cha Zumreta tu hakijaingia tena ndooni. Humo Hasnija huona njia kila siku, na kijana mwenye begi, amekaribia kidogo kuliko jana.