Bunduki ya Tharsisi Yaenda Kasulu

Watu wa kitongoji chetu huko Murungu wanaijua bunduki ya shemeji yangu Tharsisi kwa mlio wake. Ikilia mara moja alfajiri, wanawake huchukua vikapu wakaelekea shambani kwake, kwa maana nguruwe pori amekwisha kuanguka na nyama itagawiwa. Ikilia mara mbili, watu hujigeuza upande wa pili wakalala. Msimu huu wa mahindi ilikuwa ikilia mara mbili tu, na penye mashine ya kusaga vijana walianza kusema kwamba bunduki imezeeka pamoja na mwenyewe.

Tharsisi alicheka nao, lakini dada yangu Dorcas, ambaye ndiye mkewe, aliniambia kwamba mumewe alikuwa hamalizi chakula. Nilimwelewa. Wazazi wa Tharsisi walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Alipopata uraia, jambo la kwanza aliloliomba lilikuwa kibali cha kumiliki bunduki, ili mashamba ya watu waliowapokea yawe na mlinzi. Bila shabaha, alijiona mgeni upya.

Ndipo aliponiuliza kuhusu risasi iliyoboreshwa, ambayo alikuwa ameisikia kwa Shamsi, fundi wa bunduki mwenye leseni mjini Kasulu. Kwa kuwa nina shahada na kazi ya ofisini Kibondo, mimi hudhaniwa kujua mambo. Sikumwambia kwamba sijawahi hata kushika bunduki. Nilikaa nikasoma kwenye simu, kisha nikamweleza nilichoelewa. Fundi huchonga kidogo chumba inamokaa risasi, ili kipokee ganda ambalo mabega yake, pale linapoanza kuwa jembamba, yamesimama zaidi. Ganda hilo hubeba baruti nyingi kuliko la kawaida, na risasi hutoka kwa kasi kubwa. Ila chuma kikishachongwa hakirudi kilivyokuwa.

"Kwa hiyo itapiga vizuri zaidi," alisema.

"Inasemekana hivyo."

"Muramu Nduta, nakuuliza wewe, unanijibu kama redio."

Muramu ni shemeji kwa lugha ya nyumbani, na mashemeji kwetu wana ruhusa ya kutaniana bila kikomo.

"Basi ichongwe," nilisema, nikashangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa na hakika.

Dorcas aliishusha bunduki kutoka juu ya mafiga, ilikoning'inia kando ya mahindi ya mbegu. Masika yaliyopita mchwa walikuwa wameingia chumbani mwao mwa kulala, naye akaihamishia kwenye moshi, kama tunavyofanya kwa kila kitu tusichotaka kitafunwe. Komeo lake tu, kile chuma cha kufungia risasi ndani, ndilo lililobaki sandukuni, chini ya kufuli. Tuliarifu polisi, tukapanda gari la Kasulu.

Shamsi alitupokea akiwa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Mzee Tharsisi, hao nguruwe wako bado wananenepa?"

"Kwa mahindi yangu, kwa nini wasinenepe?"

"Mimi siwali, kwa hiyo hatuna ugomvi. Leta hiyo bunduki."

Alitoa kifaa cha kuchongea, akakiweka juu ya kitambaa, na kabla ya kukigusa tena alitueleza bila kuficha. Risasi za zamani zingeingia katika chumba kipya na zingelia, ganda likitanuka kukifuata. Lakini faida kamili ingepatikana kwa risasi zilizojazwa maalumu, nazo huku haziuzwi. Na kibali kingebidi kiombwe upya. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeyajua hayo yote. Sikuwa nimeyasoma.

Kisha akalegeza skrubu ili autenge mtutu na ubao unaoubeba, nasi sote tukainama. Ubao ulikuwa mweusi kwa masizi, umekauka hadi ukajipinda, na upande mmoja ulikuwa ukiusukuma mtutu usielekee panapolengwa. Palipogusana, chuma kiling'aa kwa kusuguliwa. Tharsisi alipitisha kidole hapo.

"Dorcas ameikausha kama dagaa," alisema.

Shamsi alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Sasa sema wewe. Naweza kuchonga ubao, naweza kuchonga chuma."

"Shemeji, tumekwisha kufika," nilidakia. "Afanye vyote viwili."

Hata sasa sijui kama niliyasema hayo kwa ajili yake au kwa ajili ya kusoma kwangu. Tharsisi aliutazama mtutu, akakitazama kile kifaa kwenye kitambaa, na niliona kwamba alikitamani.

"Nguruwe ninaowapiga huwa hapo kwenye mihogo," alisema, "karibu kiasi cha kuwasikia wakitafuna. Hiyo kasi niipeleke wapi, Nduta? Nataka iende ninapolenga tu. Chonga ubao, fundi."

Shamsi aliukwangua ubao polepole, hadi karatasi ikapita kati yake na mtutu bila kukwama, kisha akaupaka mafuta.

Nyumbani Dorcas alisikiliza habari yote akiwa amejishika kiuno. "Kwa hiyo kosa ni langu?"

"La mchwa," Tharsisi alimjibu, akaomba aongezewe ugali.

Jumamosi iliyofuata nililala kwao. Alfajiri bunduki ililia kutoka upande wa mihogo. Niliketi kitandani nikingoja mlio wa pili, huku nikijiuliza kama mimi, ningekuwa na bunduki ile, ningeweza kukiacha chuma kama kilivyo. Nadhani ningekichonga, kisha ningetafuta sababu. Nje, milango ilianza kufunguliwa, na mwanamke mmoja akamuuliza mwenzake kikapu kiko wapi.

Dorcas alibisha dirishani kwangu.

"Mdogo wangu, unangoja nini? Njoo na beseni."