Mkono wa Shemeji Juu ya Mnara

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana kweupe, hapahapa Mwanza.

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyesimamia ujenzi wa ule mnara wa mawasiliano mlimani. Pale palikuwa na kaburi la bibi mmoja. Sasa kwetu mfu hahamishwi kimyakimya. Mjukuu wake humwita kwa jina, akamwambia anakopelekwa. Mjukuu alikuwa njiani kutoka Nansio, meli ikachelewa. Shemeji akasema hasubiri mtu! Mifupa ikazolewa pamoja na kifusi, ikaenda kushindilia barabara Igoma. Ukoo akawaambia kamzika vizuri makaburini. Sisi haya tulikuja kuyajua baadaye.

Mnara ulipokwisha, akatupandisha mimi na dada kule juu wanakotazamia mji. Alijitapa weee! Kidole hakitulii: kule Kirumba, ule uwanja wa mpira, kule ziwani.

Nageuka, namwona bibi kajifunga kaniki, kasimama ukingoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Shemeji hata salamu hakutoa. Bibi akamwambia kwa upole, "Baba, naona unawaonyesha wenzako mji wote. Nionyeshe na mimi kwangu. Ulinilaza wapi?"

Jamani! Shemeji alimjua papo hapo kuwa ndiye bibi wa lile kaburi. Lakini mwongo ni mwongo tu, akanyoosha mkono kuelekea makaburini. "Kule."

"Haya. Usiushushe mpaka unifikishe."

Kupepesa macho, bibi hayupo. Mlinzi wa mlangoni akaapa kwamba alipandisha watu watatu tu.

Na mkono? Haukushuka, niamini. Ukageuka wenyewe polepole, ukaacha makaburi, ukatulia sawasawa na Igoma. Hospitali wameuvuta wakashindwa. Ukimgeuza kitandani, nao unageuka, Igoma! Ndipo akakiri yote. Ukoo ukamjibu neno moja: turudishie bibi yetu. Atamtoa wapi, na juu yake imemwagwa lami, malori yanapita usiku na mchana?

Mimi simwonei huruma, Mungu anisamehe. Namlilia dada yangu, anayemvisha shati kila asubuhi huku majirani wanachungulia.

Kwa hiyo wewe unayejenga, ukikuta kaburi, msubiri mwenye mtu wake hata akichelewa vipi. Mfu asiyejua alikolazwa atakuja kukuuliza wewe, na hapo usithubutu kumdanganya.