Waliomtaka Mama Mkubwa Alie

Nina studio ndogo ya picha Tunduma, chumba kimoja chenye pazia la bluu, si mbali na mpaka. Wateja wangu wengi ni watu wa pasipoti saizi: madereva wa malori wanaosubiri foleni isogee, wasafiri, wachuuzi wa Nakonde, upande wa Zambia, wanaoingia wakinisalimu "mulishani" kisha wakaendelea kwa Kiswahili. Maneno yangu kwa siku nzima ni yale yale. Kaa wima. Inua kidevu. Usicheke.

Labda ndiyo sababu Jumapili, baada ya ibada, nilikuwa nachukua kamera na kutoroka mji. Nilikwenda Ileje kupiga ukungu wa Ibaba unavyopanda juu ya mashamba ya viazi. Nilishuka bonde la Momba, kwa wafugaji, nikarudi na vumbi la Chitete hadi ndani ya masikio. Jioni nilichagua picha moja, nikaiweka kwenye ukurasa wangu mtandaoni na sentensi fupi chini yake. Nilikuwa na watazamaji wachache ambao niliwafahamu kwa tabia. Mmoja alikuwa nesi aliyezaliwa Ileje na sasa anaishi mbali, kila nikiweka milima ya kwao aliandika, "Umenirudisha nyumbani." Wangenitosha hao. Lakini nilitaka wengi. Nilitaka picha zangu ziende mbali, na mtu yeyote anayepiga picha akikuambia hataki hivyo, usimwamini.

Picha iliyokwenda mbali niliipiga Isansa, kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Ulikuwa msimu wa kahawa na baridi ya Mbozi ilikuwa bado inauma hadi saa nne asubuhi. Mama mkubwa alikuwa amesimama mbele ya jiko lake la zamani, lile la udongo ambalo amegoma libomolewe kwa sababu anasema ugali wa jiko la ndani hauna ladha. Nyuma yake ilionekana nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo kaka amemjengea. Kaka ni mwanawe wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi. Anaishi hapo hapo na mke wake na watoto. Asubuhi hiyo alikuwa amebeba ndoo ya kahawa mbivu, anamsimulia mama yake jinsi beberu la jirani lilivyomkimbiza barabarani mbele ya wanafunzi, madaftari yakimwagika kwenye tope. Mama mkubwa alicheka hadi machozi yakamtiririka, akainua ncha ya kanga kuyafuta, na hapo nikabonyeza.

Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Aliitazama kwa muda.

"Hapa nimefanana na mama yetu," alisema.

"Naweza kuiweka kwenye simu, mama, watu waione?"

"Weka. Ila uwaambie nilikuwa nacheka, maana mtu akiiona hivi atadhani niko msibani."

Nikaiweka, nikaandika: Mama mkubwa akicheka, Isansa. Nesi akaipenda, na wengine wachache; akauliza mwenye ndoo ni nani, nikamjibu ni mwanawe, mwalimu wa hapo hapo. Nikarudi kwenye pasipoti.

Baada ya siku kadhaa, nikiwa namrekebisha kola dereva mmoja, simu ilianza kutetemeka juu ya meza na haikuacha. Ukurasa mmoja mkubwa, wa aina ile inayoweka ajali, fumanizi na maombi ya uponyaji kwa mfululizo, ulikuwa umeichukua picha yangu. Waliikata. Nyumba ya matofali haikuwepo. Kaka na ndoo yake hawakuwepo. Palibaki jiko jeusi kwa moshi na mwanamke mzee anayefuta machozi. Juu yake waliandika kwamba bibi huyu alisomesha watoto kwa kuuza kahawa, mtoto akapata ajira ya ualimu, akamtelekeza. Chini wakaomba watu waseme "amina" kama wanawapenda mama zao.

Jina la ukurasa wangu lilikuwa limebaki kwenye pembe ya picha, kwa hiyo watu walimiminika kwangu. Nilichokuwa nikikitafuta kwa miaka kilikuja kabla dereva hajamaliza kufunga vifungo vya shati. Na nikiri, nilifurahi; nilifurahi mpaka nilipofungua nikaanza kusoma.

Sijui nieleze vipi. Kuna siku bomba la maji machafu lilipasuka nyuma ya banda letu la maduka, na asubuhi tukakuta uchafu umeingia hadi mlangoni, tukauruka kwa vidole vya miguu. Nilisoma maoni yale kwa mwendo huo huo. Mtu alimlaani mtoto wa bibi afe kwa ugonjwa usiojulikana. Mwingine alitaka itajwe shule anayofundisha ili akapigwe mbele ya wanafunzi. Mama mmoja, picha yake ya kanisani akiwa na sare ya kwaya, aliandika matusi ya nguoni, kisha akamalizia na alama ya mikono inayosali. Wanaume waliuliza kama bibi ana wajukuu wa kike. Wapo waliotania meno yake. Katikati ya yote hayo wapo waliokuwa wanauza dawa za nguvu na viatu. Kila aliyeandika alinifuata na mimi, na idadi ya wafuasi wangu ikazidi kupanda.

Jioni kaka alipiga simu.

"Dada, mwalimu mwenzangu amenionyesha picha ofisini. Hivi pale pembeni, waliyemkata si mimi?"

"Ni wewe, kaka."

"Yaani mimi nimesimama pale pale, halafu ndiye niliyemtelekeza?"

Aliniambia wazazi wawili walikuwa wamekwishafika shuleni kumwangalia tu, wakasimama dirishani, wakaondoka bila kusema kitu.

Nilimwandikia mwenye ukurasa ule aitoe. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, sauti laini ya mtu aliyeshiba, nyuma yake muziki wa dini ukipigwa.

"Dada yangu, tulia. Watu wameguswa. Wewe umepata wafuasi, mimi nimepata wafuasi, na bibi tutamletea msaada. Sasa hapo nani amepoteza?"

Nikaweka picha nzima kwenye ukurasa wangu, nyumba na ndoo na kaka, nikaeleza kila kitu. Niliamini mtu akionyeshwa ukweli kwa macho yake ataona haya. Wakasema nimebandika nyumba kwa kompyuta. Wakasema mwalimu amenihonga. Mmoja aliandika kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, hii haina hisia. Maelezo yangu waliyasoma wachache. Picha ya kilio iliendelea kusambaa kama moto wa kiangazi.

Kisha wifi, mke wa kaka, akanipigia nikiwa studio. Kaka alikuwa kazini. "Njoo," alisema. "Kuna watu na makamera hapa, wanamvua mama kanga."

Nilimwomba radhi mteja aliyekuwa kwenye kiti, nikafunga mlango, nikapanda gari la kwanza la Mbozi, halafu bodaboda. Nilipofika niliwakuta. Mwenye ukurasa alikuwa kijana mtanashati, viatu vyeupe, manukato makali kuliko harufu ya maganda ya kahawa. Alikuwa na wapiga video wawili. Juu ya gari lao kulikuwa na godoro jipya ndani ya nailoni, na chini, kwenye majani, kiroba cha unga na sabuni.

Mama mkubwa, kwa sababu ni mama mkubwa, alikuwa amewapokea kama wageni. Alikuwa amevaa kanga yake ya sikukuu, na alikuwa amemwagiza wifi apike. Sasa walikuwa wamemwambia abadilishe, avae ile ya shambani. Ndiyo kuvuliwa kwenyewe. Wifi alileta ugali, maharage na mboga za maboga, akaweka mezani chini ya mti wa parachichi. Kijana akaomba kwa adabu viondolewe.

"Bibi akionekana na chakula, watu hawataelewa," alisema.

"Hawataelewa nini?" nikamuuliza.

Alinitambua. Akanyoosha mkono kunisalimu, nikauacha hewani. Hakuona haya hata kidogo. Akamgeukia mama mkubwa, akachuchumaa mbele yake, akashika magoti yake kama mjukuu.

"Bibi, fikiria kitu kinachokuumiza. Fikiria waliokufa. Machozi yakija usiyafute haraka."

Mama mkubwa alinitazama mimi. "Huyu mtoto anataka nilie?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Kijana alicheka kidogo, akasema ni kwa ajili ya msaada. Mama mkubwa alimtazama tena, kwa upole, kama anavyotazama kuku mwenye ugonjwa. "Mume wangu nilimlilia nikamaliza," alisema. "Kama mna njaa, kuleni. Kama mmeshiba, nina kahawa ya kuosha." Akanyanyuka, akaenda.

Nilikuwa na kamera begani, na tangu kijana alipochuchumaa mikono ilikuwa ikifanya kazi yake bila kuniuliza. Nilimpiga picha amechuchumaa, akionyesha kwa kidole jicho lake mwenyewe, namna machozi yanavyopaswa kushuka. Nilipiga sufuria za wifi zikiwa zimesukumwa nyuma ya ukuta. Nilimpiga picha mpiga video akiukusanya unga na sabuni kutoka kwenye majani. Maana walivirudisha, na godoro halikushushwa kabisa. Kijana alisema lina mtu mwingine anayelihitaji, kijiji cha mbele. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatema mate mara kadhaa, kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyoharibika.

Kaka alirudi kutoka shule, akaona picha kwenye kamera yangu.

"Weka hizi," alisema. "Leo leo."

"Tukishaziweka hatutaweza kuzirudisha."

"Mimi walinirudisha? Weka, dada. Wanafunzi wangu wana simu za wazazi wao. Waone."

Ilikuwa haki yake. Nikaziweka, moja baada ya nyingine, bila kukata chochote, na jina la ukurasa wa kijana likisomeka.

Zilikwenda mbali kuliko ile ya kwanza. Kaka alisafishika, mkuu wake wa shule alimshika mkono mbele ya walimu, na wale wazazi wawili walimletea kuku. Kwa hilo sijuti. Lakini nilisoma tena yale maoni, na walikuwa ni wale wale. Mama mwenye sare ya kwaya alikuwepo, na matusi yale yale na mikono ile ile ya kusali, safari hii kwa kijana. Yule aliyemwombea kaka ugonjwa usiojulikana alimwombea kijana ugonjwa usiojulikana. Nadhani alinakili tu. Mtu alitafuta picha ya mama mzazi wa kijana, akaileta kwenye ukurasa wangu, chini ya picha zangu, wakaanza kumtania meno. Niliifuta, ikaletwa tena. Nikafuta tena. Wakaniuliza naogopa nini.

Mfanyabiashara wa vipodozi aliniandikia kuomba nitangaze sabuni yake ya kung'arisha ngozi. Mwingine alitaka kununua ukurasa wote na watu wake, kama zizi na ng'ombe. Nilijifunza kwamba hiyo ni biashara ya kawaida, kwamba umati ule unaweza kulala ukitazama milima ya Ileje na kuamka ukitazama vidonge vya kupunguza tumbo, na wengi wasijue wamehamishwa.

Nilimwambia kaka naufunga ukurasa. Alikasirika.

"Sasa hivi ndipo wanakusikiliza. Ulikuwa unalia huna watu, leo unao, unawafukuza?"

"Umewasoma lakini?"

"Wapumbavu hawakosekani. Wewe weka milima yako."

Nilijaribu. Niliweka asubuhi moja ya Ibaba, mwanamke na mzigo wa viazi kwenye kijia, mgongo wake tu. Katika muda mfupi waliuliza nani amemtelekeza huyu. Wakauliza mume wake yuko wapi, anakunywa pombe gani. Wengine walisema picha imepooza, wakataka kujua yule kijana ameishia wapi. Niliisogeza simu mbali kidogo na uso, kwa vidole viwili.

Nikaufuta. Kabla ya hapo nilimwandikia nesi wa Ileje kumwomba anuani, nikamtumia milima yake kwa basi, imechapishwa kwenye karatasi nzito. Alijibu kwamba ameitundika sebuleni na mumewe anadai haijanyooka.

Kaka alininunia kwa muda. Anasema hadi leo kwamba niliwaachia uwanja watu kama yule kijana, na huenda ana hoja. Ukurasa wa kijana upo, umekua, na juzi mteja wangu mmoja, akiwa kwenye kiti mbele ya pazia la bluu, alinionyesha video mpya ya ukurasa huo. Mzee fulani, kijiji nisichokijua, amekalia godoro ambalo bado liko ndani ya nailoni. Analia vizuri sana.

Mteja alikuwa na machozi. Nilimpa kitambaa, nikasubiri ajifute, maana uhamiaji hawapokei picha ya mtu mwenye macho mekundu.